Baba aliponyamaza

Jumapili jioni, Pumwani.

Leo nimemwosha baba miguu na kuipaka mafuta, ule uliofanyiwa upasuaji na ule mwingine unaosubiri zamu yake, na nikiwa nimeinama nimeona kwamba kovu lililoteremka kutoka kinenani hadi chini ya goti limekauka vizuri. Kila mgeni anayekuja kumjulia hali huomba alione kovu hilo. Yaliyotupata wodini katika siku zile za baada ya upasuaji hayakuacha alama yoyote mwilini mwake, wala hakuna mgeni anayeyauliza, ndiyo maana nimeamua kuyaandika kabla hayajanifutika.

Baba ana miaka 74. Alifanya kazi ya reli tangu ujana hadi alipostaafu, alivuta sigara kwa miaka mingi, na kisukari amekuwa nacho kwa muda mrefu. Mwaka huu kidole kidogo cha mguu wa kulia kilianza kugeuka cheusi, na maumivu yakawa hayamwachi hata akiwa amelala. Usiku alikuwa akiuning'iniza mguu kando ya kitanda ili apate nafuu kidogo. Daktari wa upasuaji alitueleza kwa mfano wa barabara za hapa Nairobi: ateri kubwa ya paja, yaani mshipa unaopeleka damu mguuni, imeziba, kwa hiyo atachukua vena, mshipa wa kurudisha damu, kutoka mguu huohuo aifanye njia ya kando, damu ipite hapo na kuirudia ateri chini ya goti. Alitutajia hatari ya moyo, hatari ya kidonda kuingia vijidudu, na hatari ya kuukosa mguu wenyewe. Tukatia saini. Kuhusu akili yake hakusema neno, nasi hatukujua kwamba hilo nalo ni jambo la kuuliza.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Siku ya kwanza alitutambua sote, akaulizia chai. Jioni ya siku ya pili nilimkuta akichezea ncha ya shuka kwa vidole vya mikono yote miwili, akiikunja na kuikunjua kama mtu anayehesabu tiketi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mbona mizigo bado iko chini? Treni haitatungoja."

Kisha akaanza kutaja stesheni kwa mpangilio wake, Athi River, Sultan Hamud, Makindu, Mtito Andei, Voi, akarudi mwanzo akaanza tena, kwa sauti ya mtu mwenye hofu kubwa. Usiku ule alichomoa dripu na kujaribu kushuka kitandani. Asubuhi tulimkuta amefungwa viganja kwa bendeji kwenye vyuma vya kitanda. Sitaitaja hospitali, na najua kwamba usiku sista mmoja huwa na wagonjwa wengi kuliko mikono yake, lakini sitasahau jinsi baba alivyokuwa akizivuta zile bendeji na kuniuliza amemkosea nani. Nilikuja kuelewa baadaye kwamba kumfunga mgonjwa wa namna hii humzidishia hofu na fujo, na kwamba mtu wa kukaa naye humfaa zaidi kuliko kamba.

Shangazi alisema ni jini. Simlaumu, kwa sababu mtu aliyeingia hospitali na akili zake timamu akawa usiku anazungumza na watu wasioonekana lazima atafutiwe neno, na neno lililokuwapo nyumbani kwetu lilikuwa hilo. Alivuta kiti upande wa kulia wa kitanda, akamwinamia, akamsomea Ayatul Kursi polepole, na baba akatulia, akamshika mkono. Mimi niliyekuwa upande wa pili, dirishani, nilikuwa nimemsemesha saa nzima bila ya kupata jibu.

Siku ya nne alinyamaza, na hapa ndipo ninapotaka kukaa kidogo, kwa kuwa hapa ndipo tulipokosea sote. Hakutaja tena treni wala kuvuta chochote, na bendeji zikafunguliwa. Tulipoingia saa ya kuwaona wagonjwa alikuwa amelala, na mama akasema, "Alhamdulillahi, mzee ametulia." Tulipiga simu kwa ndugu wote kuwaambia kwamba amepata nafuu. Mimi nilikaa nikamtazama. Uji ulikuwa umeganda kikombeni. Nilipomwita alifungua macho, akaniangalia kana kwamba ananitazama kupitia kioo chenye mvuke, akajibu "eeh", na macho yakateleza kando. Nilimuuliza kama mguu unauma, akajibu "eeh". Nikamuuliza kama hauumi, akajibu vilevile.

Nilimwendea sista wa zamu ya jioni, binti mdogo, nikamwambia maneno ambayo niliyaonea aibu kwa vile hayakuwa na utaalamu wowote: "Sista, huyu si baba yangu." Hakuniambia kwamba uzee ndivyo ulivyo. Aliniuliza swali moja tu: kabla ya upasuaji alikuwaje? Nikamweleza kwamba husoma gazeti kila siku na huweka hesabu ya michango ya msikiti kichwani bila kuiandika. Akaenda kumwita daktari.

Daktari alimwomba baba ataje miezi ya mwaka kuanzia Desemba akirudi nyuma. "Desemba," baba akasema. "Novemba." Akanyamaza kwa muda mrefu. "Makindu." Daktari akatueleza kwamba huku ni kuweweseka kwa ghafla kunakotokana na ubongo kuelemewa na ugonjwa wa mwili, na kwamba si wazimu wala si ule usahaulifu wa uzeeni unaoingia taratibu kwa miaka, ugonjwa huu huanza kwa saa au siku chache, na hupanda na kushuka ndani ya siku moja. Upo wa fujo, ambao kila mtu huuona, na upo wa kimya, ambao hupita bila kutambuliwa kwa sababu mgonjwa hamsumbui mtu. Mgonjwa mmoja anaweza kutoka kwenye huu akaingia kwenye ule. Kimya kilichotufurahisha kilikuwa ugonjwa uleule.

Alisema pia kwamba wagonjwa wa mishipa ya damu huwa karibu zaidi na hatari hii, kwa kuwa mafuta na ugumu ulioziba ateri ya paja haukuchagua mguu peke yake. Mara nyingi mishipa inayolisha ubongo nayo imeanza kuwa myembamba, hivyo ubongo hauna akiba ya kutosha unapokuja mzigo wa dawa za usingizi, damu iliyopotea, maumivu na kukosa kulala. Ukiongeza miaka, kisukari na sigara, mzigo unakuwa mkubwa.

Kisha wakatafuta sababu, na haikuwa moja tu. Mpira wa mkojo ulikuwa umetolewa jana yake na kibofu kilikuwa kimejaa bila yeye kuweza kusema. Hakuwa amekwenda choo kubwa tangu upasuaji. Chumvi ya damu ilikuwa imeshuka. Dawa kali za maumivu zilikuwa zinamlewesha. Nasi pia tulikuwa na mchango wetu: kaka yangu, kwa kumhurumia, alikuwa akimpa usiku kidonge cha mafua na mzio, kile ambacho wengi mtaani humeza ili wapate usingizi, bila kujua kwamba dawa za aina hiyo huvuruga akili za wazee. Mimi nilikuwa nimepeleka nyumbani miwani yake na meno yake ya bandia ili visiibiwe. Nilimwacha baba mahali pageni, hawezi kuona sura wala kutafuna, nikashangaa kwamba hatutambui na hali chakula.

Walimtoa mkojo, wakampa dawa ya tumbo, wakarekebisha chumvi, wakabadilisha dawa za maumivu. Tulirudisha miwani na meno, tukaleta saa ya ukutani ya nyumbani, na tukaruhusiwa mmoja wetu alale naye. Mchana tulimkalisha kwenye kiti karibu na dirisha, usiku taa ya juu yake ikazimwa. Akitaja treni hatukubishana naye; tulimwambia yuko hospitali, mguu umetengenezwa, sisi tupo. Baada ya siku tatu alinitazama kwa macho yake ninayoyajua akaniuliza kwa nini nimekonda.

Tangu wakati huo nimesoma ninachoweza. Mwaka 1999 Sharon Inouye na wenzake wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, walichapisha utafiti wa wagonjwa 852 wa miaka 70 na zaidi, wa wodi za kawaida na si za upasuaji. Kati ya waliohudumiwa kama kawaida, asilimia 15 waliweweseka. Kati ya waliosaidiwa kulala, kutembea, kunywa maji, kuona, kusikia na kukumbushwa walipo, ni asilimia 9.9. Nilipoisoma orodha ile niliweka simu chini nikalia, maana hapakuwa na kitu ndani yake ambacho familia ya hapa Majengo, Pumwani, isingeweza kukifanya kama ingeambiwa.

Baba anakumbuka vipande. Alidhani watu waliovaa kijani wanataka kumshusha gizani kati ya stesheni mbili. Juzi aliniuliza kwa sauti ya chini kama alinitukana. Nikamwambia hapana.

Mwezi ujao ni mguu wa kushoto. Nimeshaandaa mfuko: miwani, kasha la meno, saa, na karatasi ya kubandika juu ya kitanda inayoeleza anavyoitwa, anachopenda kula, dawa anazotumia na asizopaswa kupewa, na namba zetu. Jioni hii nimempa aisome. Tumejua kwa miaka kwamba kelele za karakana zilimharibu masikio, lakini yeye hakupata kulizungumza. Ameisoma mara mbili, akaniomba kalamu, akaandika chini kabisa kwa herufi kubwa: "Sikio la kushoto halisikii. Nisemesheni kulia."