Chumvi kabla ya moto au wakati wa kuepua?

Kitunguu cha kachumbari tunakiosha kwa chumvi. Unakikata, unakifikicha, maji yanatoka na povu kidogo, macho yanawasha, unamwaga na kusuuza. Ule ukali umeondoka na maji. Kwenye mboga ya kupika chumvi inafanya kazi ileile, na hapo ndipo harufu inapopatikana au kupotea.

Chumvi huvuta maji ya mboga. Maji yakituama kwenye kikaango, joto linagota kwenye kiwango cha kuchemka, na Dodoma, kwenye mita 1,100 hivi juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 96 tu. Ile harufu ya kukaangika inataka nyuzi 140 hivi. Kwa hiyo swali ni moja: maji yatoke wapi, kwenye chujio au kwenye kikaango?

Biringanya liwekwe chumvi mapema, bila ubishi. Nusu kilo, vipande vya unene wa sentimita moja, kijiko kimoja cha chai cha chumvi, dakika 30 kwenye chujio. Kwanza yanatoka matone kama jasho, kisha maji ya rangi ya chai yanadondoka chini. Kamua kwa kiganja, futa kwa kitambaa kikavu, kaanga kwenye mafuta ya alizeti yaliyopata moto. Vipande vinapata rangi haraka na havinywi mafuta sana, maana matundu ya hewa ndani yake yameshabonyea. Usipofuta, mafuta yanaruka na biringanya linatokota. Mchuzi uonje kwanza kabla ya kuongeza chumvi.

Mchicha ni kinyume kabisa. Chumvi ya mapema inaunyausha, sufuria inajaa maji, nyumba inanuka majani ya kuchemsha. Kung'uta maji vizuri, moto mkali, dakika 3, chumvi unapoepua.

Kabichi inasumbua zaidi. Harufu yake nzito ni ya salfa, na inazidi kadiri inavyokaa motoni. Nusu kilo iliyokatwa nyembamba, nusu kijiko cha chai, dakika 15, kamua. Itaiva kwa dakika 5. Lakini maji hayo yanaondoka pia na ule ukali wake mzuri, kwa hiyo bakiza konzi moja bila chumvi, uichanganye dakika ya mwisho.

Mlenda wa magadi usiuguse kwa chumvi kabla ya kuonja. Magadi yenyewe yana chumvichumvi, na yakizidi mboga inanuka sabuni.