Ulichota Wapi?

Haidromita yangu ya kwanza, kile kipimo cha kioo kinachoelea kwenye juisi ya mvinyo na kuonyesha ina sukari kiasi gani, nilipewa na mjomba. Aliileta ndani ya mrija wa plastiki, imeviringishiwa kitambaa, na kabla hata hajaketi akanionya nisiilaze mezani bila kuishikilia, kwa sababu hubiringika na kioo chake ni chembamba mno. Niliipenda siku ileile. Shingo ndefu yenye karatasi ya namba ndani, tumbo nene, na vipande vya risasi chini vya kuifanya isimame wima. Ukiitia katika maji matupu ya nyuzi 20, uso wa maji unagusa 1.000. Maji yakiwa na sukari huwa mazito, na haidromita huelea juu zaidi, namba ikipanda. Hakuna betri wala waya.

Jioni ninayoikumbuka nilikuwa na lita 10 za juisi ya zabibu kwenye ndoo, na lita 5 nyingine kwenye jokofu. Juisi ilisoma 1.065. Ukiiacha hivyo ichache mpaka sukari iishe, unapata mvinyo wa kama asilimia 9 ya kileo, na mimi nilitaka wenye nguvu zaidi, wa kulala kwenye chupa mwaka mzima. Nililenga 1.090. Nikapiga hesabu, ikaja gramu 700 za sukari. Nikazimimina, nikapitisha mwiko mara nne tano, nikachota kwa kikombe na kujaza silinda ya kupimia.

1.068.

Nikadhani nimesoma vibaya. Nikainama mpaka jicho likawa sawa na uso wa juisi, maana juisi hupanda kidogo pale inapogusana na kioo, na anayesoma kwenye ukingo huo anakosea. Mstari wa kuusoma ni wa chini, pale uso ulipotulia. Nikaizungusha haidromita kwa vidole viwili ili viputo vilivyong'ang'ania ubavuni viachie, kwa kuwa viputo huibeba na kuifanya isome sukari isiyokuwepo. Nikapima na joto, likawa nyuzi 20 na kidogo. Kila nilichofundishwa nilikifanya, na bado namba ilikuwa ileile.

Basi nikaiamini. Nikatia kilo moja nzima juu ya zile gramu 700, nikakoroga, nikachota tena. 1.074. Hapo nikaogopa, nikampigia mjomba.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mjomba. Umefika wapi?"

Nikamweleza kwamba sukari naitia na namba haipandi. Akanyamaza kidogo.

"Ulichota wapi?"

"Kwenye ndoo."

"Najua ni kwenye ndoo. Juu au chini?"

Sikuwa na jibu. Nilichota juu, kama mtu yeyote anavyochota.

"Usiongeze hata kijiko," akasema. "Na hamira usitie. Nakuja asubuhi."

Hamira nisingeitia hata hivyo. Mchana ule nilikuwa nimetia potasiamu metabisulfaiti ya kuua vijidudu vya zabibu, nayo hupewa saa 24 kabla ya kuweka hamira ya mvinyo. Hizo saa ndizo zilizotuokoa.

Asubuhi alifika na mrija mrefu wa kioo. Akauzamisha wima mpaka ukagonga chini ya ndoo, akaziba ncha ya juu kwa kidole gumba, akautoa na kuumwagia kwenye silinda. Akarudia hivyo mpaka silinda ikajaa. Kilichotoka hakikuwa juisi tena, kilikuwa shira. Ilitiririka polepole ikiacha utando kwenye kioo. Akaitia haidromita, ikakataa kuzama. Karatasi yote ya namba ilibaki nje, hakuna hata mstari mmoja uliogusa uso. Chini ya ndoo, ambako sikuwa nimefika na kikombe changu, ndiko sukari yangu yote ilikokuwa imelala.

Tukakoroga kwa zamu, robo saa nzima, mpaka mwiko ukaacha kukwaruza chembe chini. Tukapima ya juu, tukapima ya chini. Sasa zilikubaliana: 1.117.

Mjomba hakunilaumu, lakini alinieleza bila kupunguza. Sukari hiyo ikiisha yote ni kama asilimia 16 ya kileo, na hamira nyingi za mvinyo huchoka zikifika karibu na 14. Tena juisi nzito kiasi hicho huinyima hamira maji tangu mwanzo, ianze kwa shida na pengine isimame njiani, ikuachie kitu kitamu kama sharubati chenye kileo. Niliuliza kama tuongeze maji. Tungehitaji zaidi ya lita 3, akasema, na maji yangeondoa ukali na ladha ya zabibu pamoja na hiyo sukari. Mimi nilikubaliana naye, na hata leo maji ni kitu cha mwisho kabisa ninachokifikiria.

Tukakumbuka zile lita 5 za jokofuni. Tukaziacha zipate joto la chumba, kwa sababu juisi baridi ni nzito zaidi na ingetudanganya, kisha tukazimimina na kukoroga tena. Juu 1.101, chini 1.101. Nilizisoma namba hizo kwa sauti kama mtu anayetangaza matokeo ya mtihani. Jioni tukaweka hamira.

Ilichacha vizuri siku za mwanzo, halafu taratibu. Viputo vya vali ya maji, ile inayotoa gesi ya kuchacha bila kuingiza hewa, vilipokoma nilitamani kutia kwenye chupa siku hiyohiyo, ila mjomba alisema viputo si kipimo, na sukari ikibaki hata gramu 24 kwa lita inaweza kujenga ndani ya chupa mgandamizo kama wa shampeni, kwenye chupa isiyoumbiwa kazi hiyo. Tukapima siku tatu mfululizo. 0.998, 0.998, 0.998.

Siku ya tatu alichukua kalamu, akaandika 0.998 chini ya 1.101 kwenye daftari langu, akatoa, akazidisha kwa 131.25, namba inayoigeuza tofauti hiyo kuwa asilimia ya kileo. Asilimia 13.5. Akaiosha haidromita, akaikausha, akairudisha kwenye kitambaa chake. Kisha akanyanyua silinda na kuigawa ile sampuli kwenye glasi mbili.