Gumegume la 1827: kumbukumbu za miezi minne

Januari, wiki ya pili

Limefika. Sanduku lenyewe refu karibu sawa na mke wangu, na kijana aliyelileta akauliza kama ndani mna bomba. Nikamjibu kwamba hajakosea sana. Theluji ilikuwa inaanguka na sikuwa na hamu ya kuanza darasa mlangoni.

Ni bunduki ya askari wa miguu wa Marekani, muundo wa 1816, iliyotengenezwa katika karakana ya serikali ya Springfield, jimbo la Massachusetts. Kutoka ninapokaa ni mwendo wa saa moja hivi kwa gari. Mbele ya bamba la mtambo pamechongwa tai na herufi US, na nyuma ya nyundo pana jina la Springfield na mwaka 1827. Nimeipata kwenye mnada wa mali za marehemu kwa dola 1,400. Tangazo la mnada lilisema mtambo wake wa jiwe ni ule ule wa asili. Maneno hayo nayaandika hapa makusudi.

Nimempigia mjomba Unguja. Baada ya shikamoo na marahaba akauliza, "Bunduki ya kazi gani huko ugenini, mwanangu?" Nikamweleza: jiwe linagonga chuma, cheche zinaangukia baruti kwenye kisahani, moto unapita kwenye tundu, mzigo unalipuka. Akacheka. "Sema gumegume basi, unanizungusha nini!"

Nilikuwa nimesahau kwamba neno tunalo. Na la mdeki, ule ufito wa kushindilia, tunalo pia. Hapa nyumbani lakini, kila nikitamka gumegume mke wangu anaangua kicheko, maana kwake yeye hilo ni jina la aina fulani ya mume.

Januari, mwishoni

Jambo la kwanza kwa bunduki yoyote ya kujazwa kwa mdomo: hakikisha haina kitu ndani. Magumegume mengi yamekaa darini miaka mia na zaidi yakiwa na baruti na risasi, na baruti kavu haizeeki. Namna ya kupima ni rahisi. Teremsha mdeki mpaka ugote, tia alama kwenye mdomo wa mtutu, kisha utoe uulaze nje ya mtutu, alama ikiwa sawa na mdomo. Ncha yake inatakiwa ifike karibu na tundu la moto.

Wangu uliishia sentimita 6 kabla.

Sentimita 6 ni kama urefu wa mzigo kamili: baruti, karatasi na risasi. Askari wa zama zile mara nyingi alipewa fungu la karatasi lenye risasi moja kubwa na vigololi vitatu, vyote vinatoka pamoja. Sikulala vizuri. Asubuhi nikamimina maji ndani, nikaliegemeza gumegume barazani, mdomo ukielekea mbali na watu, na Jumamosi nikampelekea mzee mmoja wa chama chetu cha wakusanyaji ambaye kazi hiyo ameifanya mara nyingi. Akaingiza kizibuo kirefu, akazungusha, akavuta. Matambara. Matambara na gazeti lililooza. Mzee akasema ni afadhali kuogopa matambara mara kumi kuliko kudharau baruti mara moja.

Februari

Mwezi wa kutu, na hauna mengi ya kusimulia. Mafuta mepesi, sufu ya shaba, kitambaa, subira. Kitako ni mbao ya mjozi mweusi. Nimekifuta vumbi na kukipaka nta, basi. Sijapiga msasa popote. Anayepiga msasa kitako cha 1827 anafuta mihuri ya mkaguzi na mikwaruzo ya askari kwa pamoja, halafu anashangaa kwa nini bei imeshuka nusu.

Nimefungua bangili tatu zinazoshika mtutu kwenye mbao. Mtutu una urefu wa inchi 42, na tundu lake ni inchi 0.69, kama milimita 17 na nusu. Kidole gumba changu kinaingia. Sehemu iliyojificha chini ya mbao bado ina rangi ya kahawia. Hiyo imenifurahisha mno, kwa kuwa mitutu ya miaka hiyo ilipakwa kahawia kuzuia kutu, kabla jeshi halijarudia chuma cheupe cha kung'arishwa. Upande wa juu rangi imekwisha yote. Niliona, nikapita tu. Ningejiuliza kwa nini, nisingesubiri Machi.

Machi

Leo nimetoa mtambo. Nyundo inavutwa hadi kituo cha kwanza, skrubu mbili za upande wa pili zinalegezwa kidogo kidogo, kisha unagonga vichwa vyake taratibu kwa mpini wa bisibisi mpaka bamba lijisukume lenyewe. Ukilichokonoa kwa ncha ya chuma unapasua mbao.

Ndani, vipande vya asili vina alama ndogo za patasi zinazofanana. Miaka ile kila mtambo ulikuwa bado unalinganishwa kwa tupa na mkono wa fundi, ndiyo maana vipande vya mtambo mmoja viliwekewa alama visichanganyike na vya jirani. Ni muundo wa 1842 ndio uliofikia hatua ya kipande cha bunduki moja kuingia kwenye nyingine bila tupa. Langu lina alama kwenye springi kubwa, kwenye hatamu ya mtambo, kwenye kila kitu cha ndani. Nyundo haina. Kisahani cha shaba ya manjano hakina. Chuma kinachogongwa na jiwe hakina.

Nikachukua kioo cha kukuzia na taa. Juu ya mtutu, karibu na kitako, kuna duara hafifu kama kovu la chanjo. Tundu la moto limetoboka safi, kingo kali, chuma kando yake laini kama shavu la mtoto. Mahali palipochomwa na baruti miaka ishirini hapawi hivyo.

Kwa hiyo nilidanganywa, au aliyeandika tangazo alidanganywa kabla yangu. Katika miaka ya 1840 jeshi liliacha jiwe likahamia fataki, yaani kikofia kidogo chenye dawa inayolipuka kikigongwa na nyundo, na tangu mwishoni mwa muongo huo maghala ya serikali yalianza kuyageuza magumegume ya akiba: toa kisahani na chuma cha cheche, ziba tundu la ubavuni, panda chuchu ya kuvalishia fataki juu ya mtutu, weka nyundo mpya. Langu lilipita huko. Miaka mingi baadaye mtu akaziba tundu la chuchu kwa kulehemu, akang'arisha mtutu ili kovu lisionekane (ndiko kahawia yangu ilikokwenda), akafunga vipande vipya vya jiwe, kwa sababu wanunuzi hulipia jiwe zaidi.

Nimewaandikia wa mnada. Wamejibu kwamba mali huuzwa kama ilivyo.

Aprili

Hasira zimepoa, nimekwenda Salem kutembea. Kutoka bandari ile merikebu zilikuwa zikija Unguja na kitambaa tulichokiita merikani, na baruti na bunduki, zikirudi na pembe za ndovu na sandarusi. Mkataba wa Seyyid Said na Marekani wa 1833 una kifungu kinachohusu bunduki, baruti na risasi: kisiwani Unguja ziuzwe kwa serikali ya Sultani peke yake, bandari zake nyingine ziuzwe kwa yeyote mwenye dau kubwa. Nilianza hobi hii nikiota kupata gumegume lililosafiri njia hiyo.

Hili halikusafiri. Kovu lile lile lililonitia hasara linasema hivyo: hata zamani zile za kugeuzwa lilikuwa bado mali ya serikali, ghalani. Lingekuwa halijaguswa, nisingejua hata hilo.

Mzee wa chama ananishauri nitafute nyundo ya fataki na kulirudisha lilivyokuwa 1850. Nimekataa, upasuaji wa tatu huo, na chuma kando ya weldi ni kidogo. Nimeandika kadi, Kiingereza upande mmoja, Kiswahili upande wa pili, inaeleza lililogeuzwa na lililoongezwa, na nimeifunga kwa uzi kwenye kikingio cha kifyatulio.

Skrubu ya nyuma ya bamba inagoma kuingia sawasawa. Nimeitia mafuta, nitaijaribu tena Jumapili.