Oda ya Rangi ya Mkandaa

Mwezi wa Mei mwaka 2022, masika yalipokuwa yakielekea ukingoni na ukindu, majani tunayosukia, ukianza tena kukauka vizuri uani, alikuja karakanani kwangu Mikindani mama mmoja mwenye duka la mitindo jijini Dar es Salaam, akaagiza mikoba 80 ya ukili, yaani mkanda wa ukindu uliosukwa, kwa sharti moja tu, kwamba yote itiwe rangi ya gome la mkandaa, mmoja wa miti ya mikoko. Alikuwa amesafiri kwa basi zaidi ya kilomita 500, na katika simu yake alikuwa na picha ya mkoba wa zamani wa rangi ya damu ya mzee, ambao alisema ulisukwa na bibi yake. Nusu ya malipo alikuwa tayari kuitoa siku ileile. Kwa biashara yenye cherehani mbili na wasusi wachache wanaofanya kazi majumbani kwao, fedha ile ingelipa kodi ya nyumba na bado ikabaki ya kununulia majora ya kitambaa.

Biashara hiyo niliianza mwaka 2019. Tarehe 1 Juni ya mwaka huo katazo la mifuko ya plastiki lilianza kutumika nchini, na kikapu, ambacho vijana walikuwa wamekwisha kukiona kuwa ni kitu cha bibi kwendea sokoni, kikarudi mikononi mwa watu wa kila rika. Mimi nilikuwa fundi wa kushona nguo za vitenge. Nikaona kwamba ukili wa shangazi yangu, ukitiwa bitana, zipu na vishikio vya ngozi, ungeweza kuwa mkoba wa kwendea ofisini. Mwanzoni tulitia rangi za unga za dukani, ambazo hukolea haraka na hazimsumbui mtu, lakini maji yanayobaki baada ya kuchemsha hatukuwa na pa kuyamwaga ila mtaroni, na mitaro ya mtaa wetu mwisho wake ni ghuba ileile wanamopata watu kitoweo. Tukaziacha. Manjano yalitupa rangi ya dhahabu inayopendeza mpaka jua liipaushe, majani ya mwembe yakatupa umanjano uliopoa unaoelekea kijani, na shabu ikasaidia rangi kushika. Rangi nzito, ile ambayo mtu akiiona kwa mbali anageuka, hatukuwa nayo. Kwa hiyo mama yule aligusa penye upungufu wangu hasa.

“Dada yangu,” aliniambia, akiwa ameketi mkekani na kupitisha kidole juu ya mshono, “wateja wangu wa Masaki hawanunui mkoba, wananunua habari zake. Nikiwaambia rangi hii imetoka kwenye gome la mkoko na imechemshwa na mabibi wa pwani ya kusini, hakuna atakayeniuliza bei.”

Sikumlaumu, kwa sababu hiyo ndiyo kweli ya soko. Watu wengi wanaotafuta bidhaa zinazojali mazingira huishia kwenye neno “asili”, na neno hilo likishaandikwa kwenye kipande cha karatasi kinachoning’inia kwenye mshikio, maswali hukoma. Nilimwomba anipe nafasi ya kuulizia malighafi. Alikuwa na shughuli nyingine Mtwara mjini, ya kununua vinyago vya Wamakonde, na tukakubaliana kwamba angepita tena kabla ya kurudi Dar es Salaam.

Jioni nilimwendea shangazi.

“Shikamoo, shangazi.”

“Marahaba, mwanangu. Mbona mgeni wako umemwachia aondoke bila kula?”

Nilimweleza habari yote. Shangazi ndiye aliyenifundisha kupasua ukindu kwa ukucha bila kuuchana, naye ni mtoto wa mvuvi. Alikumbuka vizuri namna baba yake alivyokuwa akitia rangi nyuzi na nyavu za pamba kabla ya nailoni kuenea. Gome la mkandaa lilitwangwa kinuni, likalowekwa usiku kucha, likachemshwa mpaka maji yakawa mekundu mazito, kisha nyavu zikatoswa humo ili zisioze upesi kwa maji ya chumvi. Kitu kilichohifadhi nyavu ndicho hichohicho kilichozitia rangi. Alinieleza kipimo cha maji, aina ya kuni na muda wa kuchemsha, na mimi nikaanza kuhesabu masufuria kichwani. Ndipo akasema, “Kazi naijua. Mti sina.”

Zamani, alinifafanulia, hakuna aliyekwenda kuuchuna mkandaa kwa ajili ya rangi peke yake. Watu walikata boriti za kuezekea nyumba, na nyumba kongwe za mawe za Mikindani bado zina boriti hizo darini. Gome lilikuwa ni mabaki ya kazi nyingine. Siku hizi nyumba inaezekwa kwa mbao na bati, boriti hazikatwi kama zamani, na anayetaka magome ya kutosha mikoba 80 hana budi kuyatoa kwenye miti iliyosimama. “Na mkandaa ukiuvua ngozi hauvai nyingine,” alisema, akarudi kwenye ususi wake.

Maneno yake yana maelezo ya kitaalamu ambayo mtu yeyote aliyewahi kupanda mti anaweza kuyafuata. Chakula kinachotengenezwa na majani hushuka kwenda mizizini kupitia tabaka la ndani la gome, kwa hiyo mti uliochunwa kuuzunguka shina lote hufa hata kama majani yatabaki ya kijani kwa muda. Misitu ya mikoko ya nchi yetu ni hifadhi ya serikali, na kuikata bila kibali ni kosa. Lakini hata bila sheria, mtu anayekaa ukingoni mwa Ghuba ya Mikindani anajua kwamba kamba na samaki wadogo hukulia katikati ya mizizi ile, na kwamba mahali mikoko ilipoondolewa bahari huanza kula ardhi. Ningekuwa nimeacha kumwaga rangi za dukani ghubani ili nije kuichuna ghuba yenyewe.

Nilimpigia simu yule mama nikamweleza. Alisikiliza kwa adabu, kisha akanipa njia ya mkato: amesikia kwamba yupo mtu anayeuza magome kwa gunia, yaliyokwisha kukaushwa. “Wewe hujakata mti wowote, dada. Umekuta kitu sokoni.” Njia hiyo ilinishawishi kuliko ninavyopenda kukumbuka, maana fedha ilikuwa inahitajika na mwenye nyumba alikuwa amekwisha kupita mara mbili. Hata hivyo gunia la leo huagiza gunia la kesho, na mkoba wangu ungekwenda kuning’inia dukani ukiwa na maandishi ya kuupamba kwa kutunza mazingira. Nikamjibu kwamba anipe fursa nimwonyeshe rangi nyingine, na ikiwa haitampendeza nitamrudishia oda yake bila kinyongo.

Mmoja wa mafundi wangu, kijana aliyekuwa akikata ngozi za vishikio, alipendekeza maganda ya korosho, ambayo mkoani Mtwara hayatafutwi kwa tochi na yana mafuta meusi yasiyotoka. Dada aliyekuwa akishona bitana alisimamisha cherehani, akanyoosha viganja vyake. Alikuwa amefanya kazi ya kubangua korosho kabla ya kuja kwangu, na ncha za vidole vyake zilikuwa bado na madoa ya kahawia na ngozi ngumu, kwa sababu mafuta ya ganda la korosho huunguza. “Hayo mtayapika ninyi,” alisema, “na mkoba huo msinipe kuushona.” Maganda yakaishia hapo. Nayo ni malighafi ya asili kabisa, wala hakuna mti unaokatwa kuyapata.

Lakini mkorosho una zaidi ya ganda. Baada ya mavuno, kabla ya majani mapya kuchipua, wakulima hupogolea mikorosho yao ili mwanga upenye na ugonjwa wa ubwiri unga upungue, na matawi yaliyokatwa hurundikwa pembeni yakawa kuni au yakachomwa. Shangazi alijua kwamba gome la mkorosho ni kali mdomoni, kwa kuwa watu hulichemsha kwa kutibu tumbo, na kwa mantiki yake ya jikoni kitu kinachokaza ulimi kitakaza na rangi. Alikuwa sahihi, ukali huo hutokana na tanini, kemikali ileile iliyomo katika gome la mkandaa. Tulikwenda shambani kwa jirani ambaye alichelewa kupogolea mwaka ule, tukamwomba magome ya matawi yaliyolala chini, tena kwa haraka, kwa sababu msimu wa kupuliza salfa, dawa ya ubwiri unga, ulikuwa unakaribia na sikutaka salfa iingie katika sufuria zangu. Alitucheka, akatupa bure. Nilimlipa hivyohivyo, kwani kinachotolewa bure mwaka huu hudaiwa kwa ugomvi mwaka ujao kikishajulikana kuwa kina soko.

Rangi ya kwanza ilikuwa ya kahawia tu, ya kawaida, kama chai iliyokaa. Tulitangulia kuuchovya ukindu katika maji ya shabu, tukaongeza magome, tukaacha ukindu ulale sufuriani mpaka asubuhi, na kahawia ikakolea lakini haikuwa damu ya mzee na haikuelekea huko. Hapo nikakumbuka misumari. Niliokota misumari yenye kutu kutoka kwenye mlango uliobomolewa, nikailoweka katika maji ya ukwaju kwa siku kadhaa mpaka maji yakabadilika rangi, nikayachuja. Shangazi akachukua ukindu wa kahawia uliokuwa bado mbichi na kuutosa humo kidogo kidogo. Kutu ilipokutana na tanini, kahawia iligeuka kijivu mbele ya macho yetu, kisha ikawa nyeusi yenye wekundu wa mbali ambao huonekana jua likiugonga ubavuni. Fundi wa vishikio alitaka tuutose tena ili uzidi kukoza. Shangazi alimzuia, na vipande tulivyovizidishia kwa majaribio vikamwunga mkono, maana baada ya kukauka vilikatika vilipokunjwa. Kutu ikizidi hula nyuzi.

Mama yule aliporudi tulimwekea mikoba mitatu mbele yake. Aliigeuza, akainusa, akaisugua kwa leso nyeupe iliyoloweshwa ili kuona kama inatoa rangi, jambo ambalo lilinifanya nimheshimu zaidi. Akauliza kama pamba ya bitana nayo ni ya hapahapa kusini. Nilimweleza kwamba ni pamba ya Kanda ya Ziwa, kwa kuwa kwetu kilimo cha pamba kimezuiwa ili funza mwekundu asienee kwenda kwenye mikoa inayoilima. Shangazi aliongeza kwa sauti ya chini kwamba pamba na kusini hazijawahi kupatana tangu enzi za Mjerumani, na hakukosea: Vita vya Majimaji mwaka 1905 viliwashwa katika vilima vya Wamatumbi, huko Kilwa, na watu waliochoshwa na kulimishwa pamba kwa nguvu. Mgeni alicheka, akasema hiyo hataiandika kwenye karatasi ya bei.

Kisha tukaingia kwenye hesabu. Mkoba mmoja mkubwa hula ukili wa pima tisa hivi (pima ni urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa), na ukili uliotiwa rangi mara mbili unamchukua msusi muda mrefu zaidi, kwa kuwa miyaa, yaani vipande vya ukindu, hukakamaa na hulazimu kuilowesha kila mara kabla ya kuisuka. Nilipandisha bei ya kila pima kwa wasusi, nikapandisha na ya mkoba. Alisema kwamba nyeusi si rangi aliyoahidi wateja wake, na kwa bei ile hawezi kubeba 80. Akachukua 30, akalipa nusu, akaniomba nimwandikie kwa mkono wangu rangi imetokana na nini. Niliandika: gome la matawi ya mkorosho uliopogolewa, ukwaju, shabu na kutu. Sikuandika neno lolote la sifa.

Kodi ya nyumba nililipa kwa kuchelewa. Mikoba michache iliyozidi katika kazi ile niliipeleka Lindi kwenye maonesho ya Nanenane katika viwanja vya Ngongo, na wakulima waliokuja bandani, ambao kwa kawaida hupita vibanda vya urembo bila kugeuka, walisimama kuuliza kama ni kweli kwamba matawi wanayoyachoma yanaweza kununuliwa. Mwezi uliofuata mama wa Dar es Salaam alipiga simu akitaka mikoba 50 iliyobaki, sasa kwa rangi ileile nyeusi. Nilimjibu kwamba magome yamekwisha na mikorosho imeshapulizwa salfa, kwa hiyo itabidi asubiri mpaka watu wavune na kupogolea. Alinyamaza kidogo, akauliza kama anaweza kulipa kianzio mapema ili awe wa kwanza. Nilimkubalia, na fedha hiyo shangazi akaniagiza niigawe kwa wasusi mwezi wa Februari, wakati ghala za wengi huwa tupu na mahindi mapya hayajakomaa.