Siku niliyozima kile kidirisha

Jana binti yangu alikuwa anaweka mchezo kwenye kompyuta ya nyumbani. Ghafla skrini ikafifia, kikabaki kidirisha kimoja katikati, chenye utepe wa njano, kinauliza kama tunairuhusu programu hiyo ifanye mabadiliko. Akasonya.

"Hiki kitu hakizimiki kikakaa kimya?"

Kinazimika. Nilimjibu hivyo, na kabla sijafunga mdomo nikamkumbuka Mzee na ile nasaba yake.

Ilikuwa 2008. Mzee alikuwa na ile kompyuta yenye Windows Vista, na waliowahi kukaa mbele ya Vista najua wameshaanza kutabasamu. Kidirisha cha kuomba ruhusa kilizaliwa nayo. Kabla yake, enzi za Windows XP, karibu kila mtu nyumbani alitumia kompyuta kwa mamlaka ya msimamizi bila hata kujua, na programu yoyote aliyoifungua ilirithi mamlaka hayo yote, ya heri na ya shari. Vista ikasema hapana: hata kama wewe ni msimamizi, programu zako zitatembea na haki za mtu wa kawaida, na inayotaka zaidi ije iombe. Wazo lenyewe silipingi. Ila siku zile kila kitu kilitaka zaidi. Hata kurekebisha saa ilikuwa lazima uombwe ruhusa. Mwaka huohuo David Cross, meneja wa Microsoft aliyekuwa miongoni mwa waliokibuni, alisimama kwenye mkutano wa usalama San Francisco akasema kwamba kiliwekwa makusudi ili kiwakere watumiaji. Hesabu yao ilikuwa kwamba watu wakikereka watawasumbua watengenezaji wa programu, nao wataacha kudai mamlaka wasiyoyahitaji.

Kwa Mzee, sehemu ya kukereka ilifanikiwa kikamilifu.

"Kompyuta ni yangu," aliniambia, "na mwenye kubonyeza ni mimi. Sasa huyu ananiuliza mimi kama nimejiruhusu? Kwani humu ndani kuna nani mwingine?"

Swali zuri kuliko alivyodhani, lakini sikulijibu. Nilikuwa na haraka, na nilipenda kuonekana fundi. Nikaingia kwenye mipangilio ya akaunti, nikaondoa alama ya tiki, nikaiwasha upya. Ilipoamka, pembeni kukatokea ngao nyekundu inalalamika kwamba ulinzi umezimwa. Na yenyewe nikainyamazisha. Mzee akanishukuru sana. Nikaondoka nimejaa sifa.

Siku ya tatu akanipigia. Neno moja tu: "Njoo."

Njiani nilikuwa najua ni kirusi. Nilishaanza na kutunga utetezi wangu.

Nilimkuta amekaa wima, miwani ameipandisha kwenye paji la uso, daftari lake limefunguliwa pembeni na kalamu juu yake. Mbele yake kulikuwa na ile programu ya nasaba, kitu cha kale kilichoandikwa enzi za Windows 98, chenye vitufe vya kijivu na herufi zenye kingo kama ngazi. Niliihamisha mwenyewe kutoka kompyuta yake ya zamani, na faili lake, na majina yote aliyokuwa ameyakusanya mpaka siku ile. Tangu hapo alikuwa ameongeza mengi zaidi. Alikuwa anaandika kwa vidole viwili, jioni kwa jioni.

Hakunisalimia. Akaelekeza kidole kwenye skrini, bila kuigusa.

"Humu shangazi yako bado yuko hai."

Nikainama nisome. Jina la Shangazi, dada yake mkubwa. Mwaka wa kuzaliwa, upo. Na kile kisanduku cha kufariki, kitupu, cheupe. Nilikijua vizuri kisanduku kile. Miezi mitano nyuma nilikuwa nimesimama palepale nyuma ya kiti chake wakati anakijaza, na aliniuliza kama aandike tarehe kamili au mwaka tu unatosha. Tukakubaliana tarehe kamili. Aliandika tarakimu moja moja, akairudia kuisoma, kisha akazima kompyuta ingawa kulikuwa bado mapema.

Akaushusha ukurasa. Watoto wa wajukuu wa Shangazi hawapo. Majina ya upande wa bibi yake, yale ambayo Shangazi alimtajia akiwa tayari amelala kitandani na Mzee anaandika haraka kwenye daftari, hayapo. Nasaba ilikuwa imerudi siku ile ile niliyoihamisha, kana kwamba miezi yote ile hakuna mtu aliyezaliwa wala kufa.

"Daftarini yapo?" nikauliza.

"Machache. Mengine nilikuwa nakata karatasi nikishayaingiza." Akabofya ndani ya kile kisanduku kitupu. Kile kijistari kikawa kinawaka na kuzima, kinawaka na kuzima, kinasubiri. Mkono wake ukaondoka kwenye mausi ukatua magotini. "Tafuta kwanza," akasema. "Sitaki kumwandika mara ya pili."

Nimesahau mambo mengi ya mwaka ule. Kile kijistari sijakisahau.

Kutafuta kulinichukua siku mbili, na sitawachosha nako. Kumbe programu ile ya kale ilizoea kuhifadhi faili ndani ya folda yake yenyewe, kule zinakokaa programu zote, mahali ambapo Vista hairuhusu programu isiyo na mamlaka kuandika. Badala ya kuikatalia, Vista ilikuwa inaidanganya kwa heri: inaipa nakala ya faili kwenye folda iitwayo VirtualStore, iliyojificha ndani ya akaunti ya Mzee, na kila alichoandika kikawa kinaingia huko. Programu inaamini iko kwake. Mzee naye anaamini. Nilipozima ule utaratibu wa ruhusa, na uongo ule ukazimika, maana vilikuwa kitu kimoja. Programu ikafungua faili la kweli, lililobaki vilevile tangu nililete.

Nikarudisha tiki. Nikaiwasha upya. Mzee akashuka moja kwa moja mpaka kwa Shangazi, akaiangalia tarehe, akatikisa kichwa polepole.

Kuanzia hapo hakutaka kusikia habari ya kukizima. Mgeni akikaa pale na kukilalamikia, aliambiwa hicho ndicho kinachotunza majina. Sikumsahihisha. Ningemwambia nini? Kwamba kilichotunza majina ndicho pia kilichoyaficha mahali ambapo hakuna mtu mwenye akili timamu angeyatafuta? Zaidi ya hapo, nilimchunguza: kidirisha kikitokea alibofya kuendelea papo hapo, bila kusoma hata neno. Alikitetea kwa moyo wote na hakuwahi kukisikiliza. Sasa hapo ulinzi uko wapi, mimi sijui. Windows 7 ilipokuja mwaka 2009 na kile kitelezi cha ngazi nne, nilimuuliza kama nimpunguzie. Akaniangalia tu.

Nilikuwa namsimulia binti yote haya huku natafuta flashi kwenye droo, nimwonyeshe. Nilikuwa nimefika hata kwenye kumweleza kwamba giza lile la skrini si pambo, kwamba kidirisha kinatokea peke yake ili programu nyingine isije ikakubofyea "Ndiyo" kwa niaba yako. Nilipogeuka, mchezo ulikuwa umeshafunguka. Alibonyeza zamani.

Flashi niliipata. Ina mafaili mawili yenye jina moja, nimeyaweka kwenye folda tofauti. Lile kamili nililifungua, nikamwonyesha jina lake, aliloandikwa na babu yake. Lile la zamani halina kazi tena, na kila ninapohamia kompyuta mpya nasema nitalifuta. Mpaka leo kisanduku kile ni kitupu.