Hamsini na sita

Feni ya sebuleni ilikufa juzi usiku. Sikuiona ikisimama, niliinusa. Verni, ile rangi inayokinga waya wa shaba, ikizidi kuiva hutoa harufu tamu kidogo, kama sukari iliyoungua, halafu inakuwa chungu kooni. Binti yangu akatoka chumbani akiwa amejifunga shuka.

"Mama, nini inaungua?"

"Moteri ya feni."

"Umejuaje na haujaiangalia?"

Nimejulia Kamalondo, Lubumbashi, mwaka ule wa staji, mazoezi ya kazi ya chuo, nilipokuwa bado nalala kwa Yaya, ndugu yangu mkubwa, kule Bel-Air. Staji ilipaswa kuwa miezi mitatu. Maprofesa wakagoma, wakarudi, wakagoma tena, na mimi nikabaki kwa wabobinaji, mafundi wa kusokota waya wa moteri, mwaka mzima, mpaka ovaroli yangu ikasahau kwamba ilikuwa ya bluu. Vijana wa karakana waliniita Injinyeri kwa kunicheka. Muzee, mkubwa wa karakana, aliniita hivyo bila kucheka, na hiyo ndiyo iliyonitisha zaidi.

Kazi yenyewe ni rahisi kuieleza. Moteri iliyoungua inaletwa, unaandika yaliyo kwenye plaketi, kile kibao chake cha namba, unaifungua, unakata vichwa vya koili upande mmoja, unahesabu nyuzi, unapima unene wa waya. Halafu moto kidogo ili verni ilegee, unang'oa, unasafisha mifereji ya chuma inayobeba koili, unatia karatasi, unasokota koili mpya. Mifereji ile inakata vidole kama wembe. Na waya! Sisi tunaoishi juu ya shaba, ambao bomba la moshi la kiwanda tunaliona kabla ya kuona mji, waya wa kusokotea tulinunua ulioandikwa maandishi ya ng'ambo, umepita mpakani Kasumbalesa kurudi nyumbani. Muzee alisema shaba ni sawa na vijana wa hapa, hawaheshimiwi mpaka watoke kwanza.

Sasa, tarehe 8 Novemba 2015. Watu wa Lubumbashi hawahitaji kuelezwa. Ilikuwa Jumapili, fainali ya Mabingwa wa Afrika, mechi ya marudiano na Waalgeria, na uwanja wa Mazembe uko pale pale Kamalondo. Karakana nzima ilikuwa na tiketi isipokuwa mimi. Mezani kulikuwa na moteri ya mama mmoja wa Katuba mwenye mashine ya kusaga mahindi: kilowati 11, mifereji 36, koili 18, zote nyeusi.

"Injinyeri, weye baki na hii," Muzee alisema huku anavaa kofia nyeusi na nyeupe. "Mama anaitaka kesho kutwa. Kata, hesabu, andika mu daftari. Usikimbie-kimbie."

Nikakata. Niliinamisha taa juu ya koili ya kwanza nikaanza kuhesabu ncha kwa sindano, moja moja, kwa sababu verni iliyoungua inazigandisha pamoja na macho yanadanganya. Waya ulikuwa umesokotwa nyuzi mbili kwa pamoja, kwa hiyo ukimaliza kuhesabu unagawanya kwa mbili, unapata mizunguko. Kumi. Ishirini. Jasho lilikuwa linanidondokea kwenye chuma. Kule nje mtaa ulikuwa kimya kwa namna ambayo sijausikia tena. Hata mbuzi wa jirani alikuwa amenyamaza, au ndivyo ninavyokumbuka. Thelathini. Arobaini. Nilikuwa kwenye 47, sindano iko juu ya ncha ya 47, nakumbuka hata ilivyong'aa, ndipo kelele ikaja. Haikuja kupitia masikioni, ilikuja kupitia mezani. Mabati yalitetemeka. Baadaye nilijua ilikuwa penalti ya Samatta. Wakati ule nilijua tu kwamba sindano imeteleza na mkono wangu uko hewani.

Niliinama tena. Arobaini na saba ilikuwa ipi? Niliangalia zilizobaki nikazikadiria. Tisa hivi. Nikaandika 56, kwa sababu 56 inagawanyika kwa mbili.

Zilikuwa zimebaki koili 17. Yoyote kati ya hizo ningeihesabu kwa dakika kumi. Nilivua glavu nikatoka nje kushangilia na watu nisiowajua, na bao la pili lilinikuta nikiwa katikati ya barabara, nimekumbatiwa na mama anayeuza makala, yaani mkaa.

Jumatatu vijana walichoma na kung'oa, shaba ya zamani ikauzwa kwa kilo. Tulisokota mizunguko 28, tukatia verni, tukaijaribu. Bila mzigo ilivuta ampea 11, nusu ya zile 22 za kwenye plaketi. Ni nyingi kidogo. Muzee aliweka kiganja juu ya mgongo wa moteri, akakiacha hapo muda mrefu.

"Ulihesabu?"

"Nilihesabu, Papa."

Akatikisa kichwa, moteri ikaenda Katuba.

Wiki tatu baadaye ikarudi. Tuliifungua na mama amesimama nyuma yetu, mikono kichwani. Ilikuwa imeungua sawasawa mzunguko mzima. Kama fazi moja, yaani waya mmoja kati ya mitatu ya umeme, ingepotea, baadhi ya makundi ya koili yangebaki safi.

"Kura," Muzee akamwambia, yaani umeme. "Kule kwenu kura inashuka sana magaribi. Haina makosa ya mutu, mama." Akamkata nusu ya bei. Kisha akanituma nikanunue sabuni, na niliporudi alikuwa amekwisha kupiga hesabu mwenyewe. Namba aliiandika kwenye kipande cha karatasi, akakitia mfukoni mwa shati.

Ripoti yangu ya staji ilipata 16 juu ya 20. Walichosifu zaidi ni sura ya tatu, kuhusu kushuka kwa volti na kuungua kwa moteri.

Miaka ikapita ndipo nikakaa na kufikiri kama mtu aliyesoma. Ukipunguza mizunguko, sumaku ndani ya chuma inazidi, moteri inapata joto hata ikiwa haina kazi. Lakini volti ikishuka, sumaku inapungua. Kwa hiyo, kama kweli kura ilikuwa inashuka Katuba, kosa langu lingeisaidia ile moteri. Muzee alijua hilo vizuri kuliko profesa yeyote. Kwa mashine za mwisho wa laini ya umeme alikuwa anapunguza mizunguko kwa makusudi. Basi alimdanganya mama yule kwa ajili yangu? Au aliiona 56 yangu kwenye daftari, akaona inafaa, akaiacha, halafu ni yeye aliyekosea?

Yuko Likasi sasa, kwa mwanawe. Ni kilomita 120 tu, na nimepita pale mara mbili nikienda Kolwezi.

"Sasa ilikuwa kosa ya nani?" binti yangu akauliza. Nikamwambia kesho kuna shule.

Feni nimenunua nyingine, dola ishirini. Ile iliyoungua iko bado chini ya meza, sijaifungua.