Breki za kutisha kima

Jamani, baiskeli yangu ya milimani ilikuwa ikilia hadi kima wa msitu wa Karura, Nairobi, wananikimbia. Nikifinya breki ya nyuma ni mlio tu, kushika hakuna. Aliyeipaka cheni mafuta alitumia yale ya kupuliza, yakarukia diski, lile bamba la duara kwenye gurudumu ambalo breki hulibana.

Kufuta diski kwa spiriti na kitambaa safi ni kazi ndogo. Shughuli iko kwenye pedi, vile vipande vinavyoibana diski. Zangu ni za resini, si za chuma, nazo hufyonza mafuta kama sifongo. Nilizisugua kwa msasa mpaka ule mng'ao ukaisha. Zikatulia kidogo, kufika mteremkoni kilio kikarudi palepale. Wapo wanaozichoma kwenye moto wa gesi mafuta yatoke moshi. Za chuma labda, lakini resini huungua, na pedi iliyoungua mimi siiamini kwenye mteremko. Nikanunua mpya.

Kabla ya kuzifunga nilimulika kwa tochi pistoni zinazosukuma pedi. Ukiona unyevu pembeni, sili (mpira wa kuzuia mafuta ya breki) inavuja na pedi mpya zitaharibika vilevile. Zilikuwa kavu. Nikalegeza bolti mbili za kalipa, kile kifaa kinachobeba pedi na pistoni, nikafinya breki, nikazikaza huku nimeishikilia ili kalipa ikae katikati ya diski.

Halafu kuna kuzoesha pedi, ambako wengi hukuruka: unaendesha kama kilomita 20 kwa saa, unafinya taratibu mpaka ukaribie kusimama, bila kulifunga gurudumu, unarudia hata mara 20. Majirani wamenishangaa kweli, nenda rudi barabara ileile! Sasa inashika kwa kidole kimoja. Ya mbele hulia mvua ikinyesha tu, ila hayo ni maji, hayana neno.